Kwa Mwajiriwa Mpya: Rasimu ya Kwanza Iwe Yako

Waajiriwa wapya ninaowapokea kazini huniuliza ni programu ipi ya akili mnemba wajifunze kwanza. Swali lenyewe si baya, ila jibu lake huchakaa upesi, kwani tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma mwezi Novemba 2022 programu hizi zimebadilika mara nyingi mno, na mbinu nyingi zilizosifiwa mwanzoni leo hazina kazi. Kisichochakaa upesi ni uwezo wa kuitazama kazi na kujua kama inafaa au haifai. Uwezo huo haupatikani kwa kusoma majibu ya mashine. Hupatikana kwa kuifanya kazi yenyewe, kukosolewa, na kuirudia.

Mwaka 2023 wanauchumi Erik Brynjolfsson, Danielle Li na Lindsey Raymond walitoa utafiti uliofuatilia wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000 waliokuwa wakipewa mapendekezo na akili mnemba. Kwa wastani, idadi ya matatizo waliyoyatatua kwa saa iliongezeka kwa takriban asilimia 14, na waliofaidika zaidi ni wale wasio na uzoefu, ilhali wazoefu hawakupata nyongeza ya maana. Ni habari njema kwa mgeni, sikatai. Lakini tazama pia faida hiyo ilitoka wapi: mfumo ulikuwa umejifunza namna wahudumu hodari wanavyozungumza na wateja, kisha ukamwazima mgeni maneno yao bila kumpitisha katika njia iliyowafikisha huko. Mteja atakapokuja na tatizo lisilowahi kumpata yeyote, hakutakuwa na maneno ya kuazima. Mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge alilitambua jambo hili mapema, mwaka 1983, alipoandika kuhusu mitambo ya viwandani: mashine ikichukua sehemu nyepesi za kazi, binadamu huachiwa zile nzito, na wakati huohuo hunyimwa mazoezi ambayo yangemwezesha kuzimudu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa kawaida kabisa. Kabla hujaifungua programu, andika jibu lako mwenyewe, hata kama ni mistari mitano isiyopendeza. Ukianza na jibu la mashine, utabaki ukilipamba, na ni vigumu sana kuliona wazo jingine wakati lile la kwanza limekwisha kukaa mbele yako likiwa limepangwa vizuri. Katika kazi za ubunifu hasara yake ni kubwa zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Science Advances uliwalinganisha watu walioandika hadithi fupi kwa kusaidiwa na akili mnemba na wale walioandika bila msaada huo. Hadithi zilizosaidiwa zilihesabiwa kuwa bora, moja moja, lakini zilifanana zaidi zenyewe kwa zenyewe. Ikiwa kila mtu katika kitengo chenu anaiuliza mashine ileile swali lilelile, mtakwenda kikaoni na pendekezo moja lililovaa mavazi tofauti.

Ushauri wangu wa pili ni kujifunza kumsikia mtu. Chukua barua ya malalamiko: mteja anasema alitozwa mara mbili, na katikati ya aya ya tatu anataja, kama anayepita tu, kwamba hii ni barua yake ya nne. Mashine itaandika jibu la adabu, itaomba radhi kwa kosa la malipo na kueleza utaratibu wa kurejeshewa fedha. Jibu hilo halina kosa, ila limemjibu mtu mwingine. Mwandishi wa barua ile amechoshwa na kutojibiwa kuliko anavyosikitikia fedha zake, na kinachomfaa ni simu kutoka kwa mtu mwenye jina, aliyezisoma barua zote nne kabla ya kupiga. Vikao navyo ni hivyohivyo. Programu hunakili na kufupisha yaliyosemwa, tena kwa ustadi, lakini haiwezi kuandika kwamba mkuu wa fedha alinyamaza ghafla gharama zilipotajwa. Jizoeze kuyaona mambo ya namna hiyo, uyaandike katika daftari lako, kisha umfuate mhusika kwa upole baada ya kikao.

Kuhusu uwajibikaji sitasema mengi. Mwaka 2023 mawakili wawili huko New York, pamoja na ofisi yao, walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani hukumu za kubuniwa zilizotungwa na ChatGPT. Hakimu alieleza kwamba kutumia chombo cha kuaminika kusaidia kazi si kosa. Kosa lilikuwa kutohakiki, na kuendelea kuzishikilia hukumu hizo hata baada ya kutiliwa shaka. Ukiweka jina lako chini ya waraka, kila neno lililomo ni lako.

Lililo gumu zaidi ni kupata mtu wa kukukosoa. Zamani mgeni alipewa kazi ndogondogo, kama vile kuandika kumbukumbu za kikao, kufupisha ripoti au kupanga takwimu, na humo ndimo alimojifunza. Siku hizi nyingi ya kazi hizo hupewa mashine, na hakuna atakayekumbuka kukubakizia wewe, kwa hiyo ziombe mwenyewe. Mwombe mkubwa wako akae nawe kwa muda mfupi, aisahihishe kazi yako ukiwa unaona, nawe umuulize kwa nini amekata sentensi hii na kuiacha ile. Usimpelekee kazi iliyokwisha kung'arishwa na programu, maana wazoefu wengi hawawezi kueleza wanachokijua mpaka waone kosa mbele ya macho yao. Mpelekee rasimu uliyoiandika wewe, pamoja na yale mafundo yake yote ambayo bado hujajua kuyafungua.