Mwanangu, umeniuliza kwa nini hatuwachomi wa mabilioni

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema pale Mbagala kijana alikwapua simu dirishani mwa daladala, akakimbizwa, akaangushwa, na wewe ukasimama ng'ambo ya barabara ukiangalia. Hukurusha jiwe, na neno pia hukusema. Polisi walifika tairi limeshaletwa, wakamchukua akiwa bado anapumua. Halafu ukaniuliza: "Mama, mbona wanaoiba mabilioni hatuwachomi? Ni vibaya kutamani na wao yawafike?"

Ndiyo baba, ni vibaya. Lakini swali lako lina uchungu wa haki ndani yake, na mimi ninao, kwa hiyo nivumilie nikueleze.

Unajua nimekuwa muuguzi miaka 31. Kuna usiku mmoja sijawahi kukusimulia. Wewe ulikuwa darasa la pili. Difenda ya polisi ilileta kijana, namkadiria miaka 17. Nywele zilikuwa zimegandana na damu na vumbi la tofali, nikawa natoa chembe za tofali kwa pamba, moja baada ya nyingine. Askari aliyeleta PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, alishika mfuko wa rambo wenye kielelezo: sufuria mbili za alumini. Moja bado ilikuwa na ukoko wa ugali chini. Kijana alizikuta zimelowekwa uani kwa watu, akazibeba. Kijana akaomba maji, akaniambia mama yake anauza vitumbua karibu na stendi, nitume mtu amwite. Alifariki kabla ya adhana ya alfajiri.

Kulipokucha akaja mwanamke mmoja, nikadhani ndiye mama wa vitumbua. Kumbe ndiye mwenye sufuria. Alikaa kwenye benchi akirudia maneno yale yale: "Nilipiga kelele ya mwizi, nesi. Nilipiga kelele tu."

Magazeti huandika "aliuawa na wananchi wenye hasira kali". Sheria haimjui mtu wa jina hilo. Watu wakiungana kumpiga mtu mpaka afe, sheria inaita kuua kwa kukusudia, na aliyerusha jiwe moja yumo pamoja na aliyeleta petroli. Katiba nayo, ibara ya 13(6)(b), imekataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Hii si hisani kwa wezi. Nimewapokea waliopigiwa kelele ya mwizi kwa sababu ya deni, na mmoja kwa sababu ya mwanamke. Kelele haina ushahidi, na ikishatoka mdomoni hairudi.

Najua majirani zako watakwambia nini. Ukimpeleka kituoni leo, kesho unapishana naye mtaani. Ukitaka akakamatwe, unaambiwa gari halina mafuta. Kesi inaahirishwa mpaka shahidi anachoka nauli. Ni kweli, nimeyaona. Wengine wanaona mtu kapewa dhamana wanadhani kaachiwa, na hapo hakuna anayewaelimisha. Lakini niambie, katika hayo yote kosa la yule kijana ni lipi? Polisi akiomba hela ya mafuta, anayechomwa ni mwizi wa sufuria mbili.

Sasa nije kwa wakubwa. Nianze na wa mtaani kwetu, maana huyo unamkumbuka. Mweka hazina wa ile SACCOS yetu, chama chetu cha kuweka na kukopa, alitafuna akiba za wanachama, na yangu shilingi 840,000 ikiwemo. Jirani yetu mmoja alimtoa binti yake shule ya bweni kwa sababu hiyo. Tukaitisha mkutano. Alikuja na shati limepigwa pasi, akapewa kiti na soda, vijana wakamwamkia. Akajieleza saa nzima, akaandikiana nasi kulipa kidogo kidogo. Alilipa mara mbili, akahama. Wale wale ambao wangemkimbiza mwizi wa kuku mpaka mtoni walikaa kimya wanamsikiliza. Nilirudi nyumbani nimevurugika. Sikutaka apigwe. Kilichonitafuna ni kwamba mkutano ule, kiti kile, masikio yale, yule kijana wangu wa sufuria hakuyapata.

Ndiyo hivyo hivyo kitaifa. Mwaka 2008 tulisikia shilingi bilioni 133 zimechotwa Benki Kuu kwenye akaunti ya EPA, ile ya kulipia madeni ya nje, na makampuni 22 yametajwa. Rais Kikwete akasema bungeni kwamba waliochukua wawe wamerudisha ifikapo Oktoba 31. Wapo waliorudisha, wapo waliofikishwa mahakamani. Tarehe ile ilinikaa kichwani kwa sababu ya sufuria. Kijana wangu hakupewa hata dakika tano za kurudisha, na mali yenyewe ilikuwa mkononi mwake.

Halafu mwaka 2016 mawaziri wawili wa zamani, Mramba na Yona, waliotiwa hatiani kwa matumizi mabaya ya madaraka, walitolewa gerezani wakamalizie adhabu kwa kazi za jamii, wakifanya usafi hospitali ya Sinza Palestina. Watu walichukia sana. Mimi sikuichukia adhabu yenyewe. Kufagia hospitali si kazi ya aibu, nimefagia sana zamu za usiku. Nilichowaza ni kwamba ufagio ule ndio hasa uliomfaa mwizi wa sufuria: azirudishe, aombe radhi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, afagie zahanati miezi miwili, mama yake akipita na beseni la vitumbua amwone yuko hai.

Kwa aliyechota fedha ya umma ufagio hautoshi. Wizi ule nimeuona ukifika wodini. Unafika mama mwenye uchungu anapoambiwa akanunue glavu, uzi na wembe kabla hajahudumiwa, na mumewe anatoka mbio usiku kutafuta duka lililo wazi. Aliyeiba hayupo pale, hana damu mikononi, ndiyo maana hakuna anayempigia kelele. Huyo namtakia kesi ya haraka, nyumba na magari aliyonunua yachukuliwe yarudi serikalini, kifungo kinacholingana na alichoharibu, na asikabidhiwe tena ufunguo wa ofisi yoyote. Nataka naye awe na wakili, asikilizwe mpaka mwisho. Siku tukimvisha tairi fisadi mmoja tukashangilia, wiki inayofuata tairi litarudi kwa mkwapuaji wa simu, kwa sababu yeye ndiye tunayeweza kumfikia.

Kuhusu kunyamaza kwako, sitakulaumu na sitakusafisha. Umati unatisha. Siku nyingine piga simu 112 ukiwa umesimama mbali, au mtafute mtu mzima mmoja mwenye sauti pale, mwenye duka au mzee wa kituo cha bodaboda, umwombe aseme wamfunge kamba wasubiri polisi. Mara nyingi sauti moja huwapa wengine nafasi ya kurudi nyuma.

Na kuna kitu nakuomba ukifanye kesho. Nenda kwanza kituoni uulize kijana yule alipelekwa hospitali gani. Ukifika, mwulize nesi wa zamu wodi ya upasuaji ya wanaume. Wagonjwa wa namna hiyo mara nyingi hawana ndugu siku za mwanzo, na hawana shuka. Nimekutumia shilingi 30,000 kwenye simu, ni ya nauli, shuka moja na uji. Mwulize mama yake anapatikana wapi, kisha unipigie.

Mama yako