Simu yako kanisani: ipangie kazi kabla hujavuka mlango

Bango la ZIMA SIMU YAKO bado lipo mlangoni pa kanisa letu. Hatua mbili pembeni yake, ukuta uleule, kuna karatasi yenye Lipa Namba ya sadaka. Matangazo ya wiki tunayatuma kwenye kundi la WhatsApp la usharika, ratiba ya jumuiya nayo imo humo humo, na msomaji akitaja somo, nusu ya waumini wanalifungua kwenye kioo. Yaani sisi wenyewe tumewapa watu sababu za kushika simu ndani ya ibada, halafu tunawaambia wazizime.

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, hapa Dar es Salaam, na zamu zangu nyingi huwa mlangoni na kwenye benchi za nyuma. Ukikaa nyuma unaviona vioo vyote. Ugomvi na simu niliuacha siku nyingi. Siku hizi nikiulizwa nashauri jambo moja tu: amua kabla hujaingia simu yako imekuja kanisani kufanya nini, kisha izuie kufanya kingine chochote.

Tuanze na Biblia, maana ndipo maneno mengi yanapotokea. Wapo wazee wenzangu wanaoona Neno likisomwa kwenye simu limevunjiwa heshima. Nawaheshimu ila sikubaliani nao. Programu ya YouVersion ipo tangu 2008, ni ya bure, na Kiswahili kimo. Kuna mwalimu mmoja hapa kwetu huja na kishikwambi, vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 kisha walimu wakagawiwa, na mama yake aketiye pembeni husomea humo. Herufi zimekuzwa mpaka mstari mmoja unajaza kioo kizima. Yule mama alikuwa ameshaacha kufuata masomo kwa sababu ya macho. Sidhani kama mwajiri alifikiria matumizi hayo, lakini mimi siwezi kumwambia mama huyo afunge.

Maandalizi yenyewe ni madogo. Jumamosi jioni, ukiwa na bando, pakua toleo unalolisoma likae ndani ya simu. Jumapili ukifika getini, weka simu kwenye hali ya ndegeni. Kunyamazisha sauti peke yake hakutoshi, kwa sababu ujumbe utaendelea kushuka juu ya kioo, na ukishasoma "mjomba ameshafika stendi" katikati ya Waraka kwa Warumi, akili yako nayo imeshakwenda stendi. Tena programu nyingi za bure za nyimbo huendeshwa kwa matangazo ya biashara. Mtandao ukizimwa, matangazo hayo hayapati njia. Nimewahi kusikia tangazo la kubeti likilia kutoka benchi la kwaya wakati wa toba. Mwenye simu alikuwa anatafuta wimbo tu, maskini.

Angalia na toleo. Kwetu masomo husomwa kwa Union Version, ile ya 1952, na simu nyingi zimefunguliwa Habari Njema. Tukiitikizana Zaburi ya 23, kanisa linasema Bwana, sauti mbili tatu zinasema Mwenyezi-Mungu, halafu zinafifia kwa aibu. Hakuna dhambi hapo. Kwa kusoma nyumbani tumia lolote, ila kwa kusoma pamoja fungua lile linalosomwa madhabahuni. Na mwanga wa kioo upunguze, hasa kwenye ibada za jioni na mkesha.

Sasa alamu. Hii ndiyo inayowaumbua watu waangalifu kabisa. Simu nyingi, hata ukiziweka kimya, alamu hulia kama kawaida. Mtu amenyamazisha kila kitu, amekaa na amani yake, saa mbili asubuhi inalia ile aliyoitega Jumatatu kwa ajili ya dawa. Wenye viswaswadu, zile simu ndogo za vitufe, ndio wana mtihani zaidi, kwa sababu baadhi ya simu hizo hulia alamu hata zikiwa zimezimwa. Zinajiwasha zenyewe. Mzee wa watu anaapa kwamba amezima, na kweli amezima, lakini mkoba unalia na yeye anahangaika na zipu. Kama una kiswaswadu, ingia kwenye alamu uifute kabisa kabla ya ibada. Kuzima simu hakutakusaidia.

Mtetemo nao usiuamini sana. Simu ikitetemeka mfukoni unaisikia wewe. Ikitetemeka juu ya benchi la mbao, benchi zima linanguruma na wote mnaangaliana.

Kuna na ule mlio wa titi-titi-titi kwenye spika, unaotokea sekunde chache kabla simu haijaita. Watu humlaumu fundi mitambo. Mara nyingi kosa ni la simu iliyo karibu na maikrofoni au waya zake: mawimbi ya 2G hutoka kwa vipigo vya haraka, na waya za sauti huyadaka. Kwa hiyo mara nyingi mwenye hatia yuko madhabahuni, simu imewekwa mimbarini karibu kabisa na maikrofoni. Hali ya ndegeni inamaliza tatizo. Kama haiwezekani, iachwe kwenye kiti.

Kuhusu sadaka kwa simu, ushauri wangu ni kwamba itoe kabla ya ibada, nyumbani au ukiwa umekaa kwenye gari. Najua wengine wanataka kutoa wakati ule vikapu vinapopita, nami naelewa, kutoa ni sehemu ya ibada. Lakini wakati huo utaondoa hali ya ndegeni, ujumbe wote wa asubuhi utaingia kwa mkupuo, mtandao utakuwa mzito, na wimbo utaisha ukiwa bado unasubiri meseji ya uthibitisho. Ukishatuma mapema, pita mbele na wenzako kama kawaida. Hakuna anayehesabu mikono mitupu, na anayehesabu ashughulikiwe yeye.

Hapo kwenye fedha naomba nikae kidogo, hasa kwa ajili ya mama zetu. Usimpe jirani wa benchi simu na namba ya siri akutumie sadaka, hata kama ni mtoto wa Mungu kiasi gani. Ukiingiza Lipa Namba, jina la mpokeaji hutokea kabla hujathibitisha. Lisome. Kama si jina la usharika, futa, uliza. Na namba yoyote inayotumwa kwenye kundi la WhatsApp kwa maneno ya "namba mpya ya kanisa, ile ya zamani ina tatizo", usiitumie mpaka uisikie kwa mhasibu au itangazwe kanisani. Matapeli wanajua tunavyoaminiana kwenye makundi yale, na wanajua kwamba Jumapili asubuhi watu wana haraka.

Picha ndiyo vita vikali. Kipaimara, ubatizo, ndoa: wazazi wanasimama, vishikwambi vinainuliwa, na waliokaa nyuma wanatazama ibada kupitia kioo cha mtu mwingine. Papa Francis alilisema hili hadharani tarehe 8 Novemba 2017, kwenye uwanja wa Mtakatifu Petro. Alisema kuhani anawaalika watu wainue mioyo, hawaambii wainue simu wapige picha, na akaongeza kwamba anaona simu hizo hata kwa mapadre na maaskofu. Mimi ni Mlutheri, ila pale nilimpigia makofi.

Kilichosaidia kwetu ni kuwakutanisha wazazi kabla ya siku yenyewe na kukubaliana mpiga picha mmoja, anayepita ubavuni tu, na picha zote anaziweka kwenye kundi la wazazi jioni ileile. Mzazi akishajua kwamba picha ya mtoto wake ipo, mkono unashuka wenyewe. Bila uhakika huo utakemea mpaka ukauke koo. Kwenye Chakula cha Bwana hatupigi kabisa. Mtu amepiga magoti, pengine analia, na si haki aione sura yake kwenye status ya mtu.

Wahubiri nao wana lao. Anayehubiri kwa kishikwambi arefushe muda wa kioo kujizima, achaji usiku, na awe na karatasi moja mfukoni yenye vichwa vya mahubiri. Nimeona mhubiri akigusa kioo kilichozima, akaingiza nywila mara mbili ikakataa, na kanisa likaanza kumwimbia pambio la kumsaidia. Anayeendesha projekta afunge WhatsApp kwenye kompyuta kabla ya kuiunganisha. Ujumbe wa deni la kikoba ukishuka juu ya beti la tatu, hilo beti halitaimbika tena.

Watoto: kumpa simu yenye katuni mtoto mwenye miaka minne hakumtulizi yeye peke yake. Sauti hata ukiizima, watoto wa benchi zima watahamia kwake. Shule ya Jumapili ipo. Mdogo kuliko hapo, biskuti na kitabu cha picha vinatosha, na akizidi kulia toka naye nje, hakuna atakayekuona vibaya.

Sasa kwa wazee wenzangu na wahubiri, kuhusu kukemea. Mhubiri mmoja mgeni alisimamisha mahubiri akamnyooshea kidole binti aliyeinamia simu. Binti alikuwa anaandika vichwa vya mahubiri hayohayo. Alionyesha, watu wakacheka, mhubiri akaendelea, lakini yule binti kwa muda mrefu baadaye alikuwa anasali usharika mwingine. Ukikaa nyuma huwezi kujua kila kioo kina nini, na ukijua kweli kwamba ni TikTok, nenda mpaka kwenye benchi, inama, sema taratibu: "Mwanangu, samahani, hebu iweke kwanza." Wengi hujibu "Samahani, mzee" na yanaisha. Kumwaibisha mtu kwa maikrofoni kunakata usikivu wa watu wengi kuliko simu yake ilivyokuwa inakata.

Wamebaki wale ambao maisha hayawaruhusu kuzima: muuguzi anayeweza kuitwa saa yoyote, mwenye mgonjwa wodini, mwenye mama mjamzito nyumbani. Ninyi msizime. Kwenye mpangilio wa Usinisumbue, simu nyingi hukuruhusu kuchagua watu ambao simu zao zitapita na wengine wote wakazuiwa. Chagua hao wawili watatu, weka simu mfukoni kwa mtetemo, kaa benchi la nyuma upande wa mlango. Ikitetemeka, toka kwanza, ndipo upokee, na usisimame chini ya dirisha. Watu wengi hupokea wakiwa bado njiani kuelekea mlangoni, wamefunika mdomo kwa kiganja, na kanisa zima linasikia "niko kanisani, niko kanisani". Mzee wa zamu mwambie mapema unapoingia. Atakuwekea hiyo nafasi ya pembeni, na ukitoka hatakufuata nje kukuuliza unakwenda wapi.