Javelin na RPG si ndugu

Umeuliza Javelin, kombora la Marekani la kupigia vifaru, inaizidi nini RPG, roketi ya kupigia vifaru, ikiwa zote hufyatuliwa begani. Roketi ya RPG-7 ikishatoka imetoka. Upepo ukiisukuma, huna la kufanya. Kombora la kuongozwa hurekebishwa likiwa angani. Sasa nani analiongoza? Hapo ndipo penye utamu.

Mwaka 1973, katika vita na Israeli, askari wa Misri walitumia Malyutka, kombora la Kisovieti la kupigia vifaru: mtu kalala mchangani, jicho kwenye darubini, mkono kwenye kijiti cha kuongozea, akilielekeza kombora kupitia waya mwembamba unaofunguka nyuma yake. Kufika mita 3,000 kulichukua kama sekunde 25. Risasi zikikupitia karibu ukashtuka, umekosa.

Makombora ya TOW na Milan yakapunguza kazi: unashikilia tu shabaha kwenye darubini, mtambo unarekebisha wenyewe.

Javelin, iliyoingia jeshi la Marekani 1996, hufuata lenyewe joto la kifaru, hupanda juu kisha likashukia paani, penye deraya nyembamba. Mrushaji keshahama zamani. Ubaya wake ni uzito, kilo 22 hivi, na kombora moja likishafyatuliwa, lazima upakie jingine.