Ukitajiwa bei ya makaa ya mawe, uliza ni bei ya wapi

Mwaka 2022 nilikuwa mnunuzi wa kiwanda kidogo hapa Dar es Salaam, kiwanda cha boila moja, yaani mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke. Dalali akanipigia simu kunitajia bei ya tani ya makaa ya mawe kutoka Mbinga, mkoani Ruvuma. Nikailinganisha na kuni tulizokuwa tukichoma, nikafurahi, nikaagiza semi moja.

Bei ile ilikuwa ya mgodini. Kutoka Mbinga hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,000, na nauli ikawa kubwa kuliko bei ya makaa yenyewe. Isitoshe, ndio mwaka Ulaya ilipoyakataa makaa ya Urusi kwa sababu ya vita vya Ukraine. Meli zikaja kupakia bandari ya Mtwara, na malori ya Ruvuma yakagombaniwa.

Lori lilipofika nilipanda juu mwenyewe. Turubai lilikuwa limechanika na mzigo umelowa mvua ya njiani. Nikishika bonge, linamomonyoka mkononi na kuwa unga. Fundi wetu wa boila akaufikicha, akasema, "Kaka, hapa tumelipia maji." Alikuwa sahihi, na unga nao ulidondokea chini ya chekeche la tanuri kabla haujawaka vizuri.

Tangu hapo naelewa kwa nini matumizi ya makaa ya mawe hayalingani kila mahali. Kuwa na mgodi jirani hakutoshi. Vijijini Mbinga watu wanapikia kuni, kwa sababu kuni wanaziokota bure. Wanaoyala makaa hasa ni viwanda vya saruji, maana tanuri la saruji linahitaji joto la nyuzi 1,450 hivi, na huko kuni hazifui dafu. Dar tuna gesi ya Songo Songo tangu 2004, kwa hiyo kiwanda kilicho kando ya bomba kina uchaguzi ambao cha Songea hakina. Kenya nao wana mvuke wa ardhini Olkaria wa kuzalishia umeme. Mradi wao wa umeme wa makaa wa Lamu ulifutiwa leseni ya mazingira mwaka 2019.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye boila, usiulize tani ni shilingi ngapi. Uliza joto utakalopata ni la shilingi ngapi, mzigo ukiwa umeshashushwa getini kwako. Kama uko Mbeya au Songwe, karibu na mgodi wa Kiwira, huenda hesabu ikakukubali kabisa. Kama uko mbali, tafuta lori lililopeleka mzigo huko na sasa linarudi kwenu, maana dereva ambaye angerudi mtupu hupunguza nauli. Agiza kiangazi. Lipia uzito wa mizani ya kwako, na mkubaliane kwa maandishi kiwango cha unyevu, majivu na unga kabla hujatuma hata senti. Mimi makubaliano yale niliyafanya kwa simu tu, na dalali hakupokea tena.