Wadhamini wa mgombea urais Pemba: andika kutoka kwenye kadi, si kutoka mdomoni

Ndugu uliyeuliza namna ya kukusanya wadhamini wa mgombea urais wa Muungano huku Pemba bila ya fomu kukataliwa, nakujibu kwa niliyoyaona nikizunguka nazo Wete na Micheweni.

Sheria inataka wapiga kura walioandikishwa wasiopungua 200 kwa kila mkoa, katika mikoa isiyopungua 10, na miwili kati ya hiyo iwe ya Zanzibar. Watu hao mtawapata, mkipita barazani baada ya laasiri. Tabu iko kwenye namba.

Mtu ana kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, pengine na cha NIDA (cha Taifa), halafu kadi ya mpiga kura. Ukimwambia "nipe kitambulisho" atakupa cha Mzanzibari, maana ndicho anachotembea nacho kila siku. Ukiinakili namba ile kwenye safu ya kadi ya kura, mdhamini huyo umeshampoteza. Taja "kadi ya kupigia kura", ishike mkononi, andika tarakimu moja moja, kisha msomee mwenyewe asikie. Aliyeiacha nyumbani mfuate huko huko. Namba ya kutajiwa kwa kichwa usiiandike kabisa.

Majina nayo yafuate kadi. Khamis asiwe Hamisi, Fatma asigeuke Fatuma, Ali asiandikwe Ally.

Kwenye saini naomba muwe wakali. Utafika nyumba moja, mzee akwambie, "Mke wangu yumo jikoni, lete nimtilie mimi." Mjibu kwa adabu: "Hapana mzee wangu, tutamngoja mwenyewe." Sisi tulingoja, bibi akatoka mikono imejaa unga, akanawa, akajifuta vizuri, akasaini. Saini tano zilizofuatana kwa mwandiko mmoja anaziona yeyote, na zikishaonekana, karatasi nzima inatiliwa shaka, pamoja na wale waliosaini kwa haki. Hiyo ni dhulma kwa watu waliokuamini na majina yao.

Kinachohesabiwa ni mkoa alikoandikishwa mtu, si anakolala. Anayeishi Wete lakini kaandikishwa Chake Chake ni wa Kusini Pemba, basi msimchanganye na wa Kaskazini. Na kabla hujampa kalamu muulize kama ameshamdhamini mgombea mwengine, kwani mpiga kura hadhamini zaidi ya mmoja, na vyama vyengine navyo vinapita shehia hizo hizo.

Msiishie 200. Chukueni hata 250 kila mkoa, ili wakikatwa wachache msipungukiwe. Hakikini fomu kila jioni mkiwa bado kijijini, mmoja asome na mwengine afuatishe kwa kidole. Zikishapanda boti kwenda Unguja, kurekebisha jina moja tu kunataka mtu arudi Pemba amtafute mwenyewe, na huenda ameshakwenda dago, kambi ya wavuvi.