Kwa anayeanza kusoma anga kwa kompyuta

Ukishapakua Stellarium, programu ya bure kabisa inayoonyesha anga kwenye skrini, usikimbilie kubofya nyota. Bonyeza F6 uweke mahali ulipo, kisha F5 uhakikishe tarehe na saa. Mimi niliiruka hatua hiyo. Jioni nne mfululizo nikawa nasimama nje kutafuta nyota ambazo, pale nilipo, zilikuwa hazijachomoza bado. Kumbe nilikuwa nasoma anga la mji mwingine.

Halafu punguza nyota. Skrini huonyesha nyingi kuliko utakazoziona chini ya taa za mjini, na huo wingi ndio unaowachanganya wageni. Bonyeza F4, ongeza kiwango cha mwanga wa taa hadi skrini ifanane na anga la nje kwako.

Sasa shika kundi moja tu la nyota. Ningekushauri Orion, kwa sababu ule mkanda wa nyota tatu zilizojipanga mstari hutausahau ukishauona. Upande mmoja wa mkanda iko Betelgeuse, nyekundu-nyekundu. Upande wa pili Rigel, nyeupe ya kibuluu. Ufuate mstari wa mkanda upande mmoja utafika Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku. Ufuate upande wa pili utapita Aldebaran, kisha Kilimia. Kwa mstari mmoja umeshaijua sehemu kubwa ya anga.

Lakini kilichonifunga mimi ni sayari ya Mshtarii (Jupiter). Itafute, bonyeza kitufe cha nafasi ili ikae katikati, ivute karibu. Ondoa ardhi kwa G na angahewa kwa A, la sivyo itazama au kutapambazuka katikati ya kazi. Kisha bonyeza L mara kadhaa, muda uende mbio. Utaiona Io, mmoja wa miezi yake minne mikubwa, ikipita mbele ya sayari, ikijificha nyuma, ikitokea tena. Mzunguko mzima huchukua takriban saa 42. Ni miezi ileile minne aliyoiona Galileo mwaka 1610, na kuitazama ikizunguka hivyo kulinifanya nisilale.

Ukichoka, bonyeza 8 urudi kwenye saa ya sasa. Chora kwenye karatasi ilivyokaa miezi hiyo usiku huo. Toka na darubini ya mkono, egemeza viwiko ukutani mikono isitetemeke, uhesabu vinukta. Vikitimia vitatu tu, rudi kwenye mchoro uangalie ni upi uliojificha.