Barua kwa Mwanangu: Utakachokuta Mle Ndani

Mama,

Sisi huku wazima, namshukuru Mungu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, maana mara ya kwanza nilikuwa kazini na mashine zikauzidi. Umeuliza juu ya GED, ule mtihani wa hapa Marekani unaompa cheti cha sekondari mtu ambaye hakumaliza shule: "Baba, wewe mtihani wa GED umeshaufanya, niambie nitakuta nini mle ndani." Nimeona nikuandikie. Mambo haya hayatoshi kwenye sauti ya dakika mbili.

Mle ndani utakuta kiti, kompyuta, na kamera ikikutazama tokea juu. Kabla ya kuingia wataangalia kitambulisho, watakupiga picha, na simu na saa vitafungiwa kabatini. Karatasi hawakupi. Wanakupa kibao chembamba cha plastiki na kalamu ya wino wa kufutika. Yangu ilikauka katikati ya hesabu, ikawa inakwaruza tu bila kuacha alama, nami nikakaa nayo dakika kumi nzima naona aibu kuomba nyingine. Wewe inua mkono.

Masomo ni manne: hesabu, lugha, sayansi na maarifa ya jamii. Ukitaka, kila moja unalifanya kwa siku yake. Kila moja linataka alama 145, na ya juu kabisa ni 200. Ukianguka moja unarudia hilo tu, yale uliyofaulu ni yako. Mtihani upo kwa Kiingereza na Kihispania, basi. Kifaransa cha shule zetu za Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi kule Tanzania, kilichokulea tangu darasa la kwanza, hakina mlango pale, na hilo linaniuma kwa ajili yako kuliko kwa ajili yangu.

Sayansi ni dakika 90, jamii dakika 70. Zisikutishe, maana sehemu kubwa ni kusoma vifungu, majedwali na grafu walizokuwekea mbele ya macho. Hesabu ni dakika 115. Maswali matano ya kwanza unafanya kwa kichwa na kibao chako, baada ya hapo kikokotoo kinatokea kwenye skrini, na kanuni nyingi unapewa.

Ila soma swali mara mbili. Nitalisema mpaka unichoke: soma swali mara mbili kabla ya kugusa kitu.

Lugha ndiyo iliyoniangusha mara ya kwanza, 2022. Nilipata 141. Kuna insha ya dakika 45. Wanakupa hoja za watu wawili wanaopingana, halafu wanauliza ni nani kati yao aliyetetea hoja yake kwa ushahidi wenye nguvu zaidi. Mimi nikaandika ninavyoona mimi. Niliandika kwa moyo wote, ukurasa ukajaa, lakini hakuna aliyeniuliza naonaje. Waliniuliza nani ana ushahidi.

Kujibu bila kusoma sikukuanzia hapo, nawe unajua. Mama yako akiisoma barua hii atasema nimeanza tena. Basi na aseme.

Agosti 2017. Ulikuwa na miaka 18, umevaa ile sketi ya bluu, begi jipya umelipakata mapajani kama mtoto mchanga. Yule mama wa ofisini aliongea na mkalimani kwa simu, simu ikakatika, akaiweka chini. Akanisogezea fomu. Pale pa kuweka saini palikuwa na kikaratasi cha njano chenye mshale. Akaongea, akatabasamu, nikasema "yes". Nikaweka saini. Nilidhani nakuandikisha shule. Kituoni, tukingoja basi, ukaniuliza: "Baba, masomo yanaanza lini?" Nikakujibu Jumatatu.

Jirani ndiye aliyetusomea ile fomu. Ilisema tumekubali usiandikishwe, kwamba umri umekwenda, uende darasa la watu wazima. Kumbe majimbo mengi hapa humpokea mwanafunzi hadi miaka 21.

Miaka minane nalipima jambo hili. Kuna siku nasema yule mama hakuwa na ubaya, foleni yake ilifika mlangoni. Halafu nasema hapana, foleni haimzuii mtu kupiga simu mara ya pili. Kisha najigeukia mwenyewe: mimi niliyefika mwaka wa nne wa sekondari kabla vita vya Kongo vya 1996 havijatuvusha Ziwa Tanganyika, ningeshindwaje kusema "sijaelewa"? Hata kwa Kiswahili angeiona kwenye uso wangu. Na labda wangekukataa tu. Labda. Lakini wangekukataa wao, si kwa kalamu yangu.

Nirudi kwenye mtihani. Najua utataka kujua uanze na lipi. Ningesema hesabu, maana namba hazidai Kiingereza kingi. Lakini maswali mengine ya hesabu ni hadithi ndefu, lazima uielewe hadithi kwanza. Dada yako anasema uanze na lugha uumalize mlima ukiwa na nguvu. Huenda ana haki. Fanya kwanza jaribio lao la mazoezi, linaitwa GED Ready. Likikupa kijani kwenye somo fulani, panga siku ya somo hilo usingoje mengine. Likikupa nyekundu, nipigie simu siku hiyo hiyo, hata saa nane za usiku.

Na kuhusu hiyo kazi yako ya usiku ghalani, na watoto wawili, na kusoma ukiwa macho yamekuiva, nina neno. Nimeandika mistari mitano nikaikata yote. Hukuniuliza.

Vitabu vyangu nimevituma jana kwa posta. Cha hesabu kina madoa ya mafuta ya mandazi, ni mdogo wako, lakini kurasa zote zipo. Ndani ya kile cha lugha, kwenye sura ya insha, utakuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni nakala ya ile fomu ya 2017. Sasa unaweza kuisoma mwenyewe kuanzia juu mpaka chini. Saini yangu iko kulia, chini kabisa.

Baba yako